Moyo wa Mwalimu Breki

Wanaume wengi wa mtaa ule wangeona haya kuingia duka la dawa na kutamka mbele za watu kwamba wanataka vidonge vya kupanga uzazi. Baridi hakuwa na haya hiyo. Kila mwezi, akitoka kwenye shughuli zake za kutengeneza mafriji, alisimama pale kaunta na mkoba wa spana begani, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi, "Nipe vya Mwalimu." Muuza dawa alikuwa ameshamzoea. Hakuuliza kitu. Aligeuka, akanyoosha mkono kwenye rafu ileile, akakitia kipakiti kwenye mfuko, mambo yakaisha.

Siku moja fundi magodoro wa mtaani alimkuta pale, akaangua kicheko. "Wewe bwana, siku hizi unatumwa vitu vya kike?"

"Watoto ni wa mke peke yake?" Baridi akamjibu. "Mimi nilikuwepo walipotungwa, ndugu yangu. Nilikuwepo kabisa."

Waliokuwa dukani wakacheka, fundi magodoro naye akacheka, na kwa muda mrefu Baridi akawa anajisikia vizuri kila akiikumbuka siku hiyo. Alijiona mume wa aina yake. Wenzake waliwaachia wake zao mzigo wote wa mambo hayo, yeye aliubeba mkononi. Jirani na duka la dawa palikuwa na kibanda cha vitu vidogovidogo. Mara nyingi alipitia hapo pia, akachukua pakiti ya sigara, akaitia katika mfuko uleule. Nayo ilikuwa ya Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mke wake, na alikuwa mwalimu wa udereva. Kutwa alikaa kiti cha abiria, mguu wake juu ya ile breki ya pili inayofungwa kwenye magari ya mafunzo, akiwaokoa wanafunzi wake na kuta, mitaro na nguzo za umeme. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti kavu, asiyepiga kelele hata gari likipanda juu ya njia ya waenda kwa miguu. "Umefika," alikuwa anasema tu, "sasa turudi barabarani." Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, na jina hilo likamkaa kuliko alilopewa na wazazi.

Sigara alianzia hukohuko kazini, katikati ya somo moja na jingine, ameegemea boneti. "Ukikaa kutwa na watu wanaotaka kukuua," alikuwa anamwambia mumewe, "lazima upate kitu cha kushika mkononi." Nyumbani hakuvuta mbele ya watoto. Alitoka kibarazani, akafunga mlango nyuma yake, na mtoto wao mdogo akisikia kitasa alikuwa anasema, "Mama anaenda kufikiri."

Watoto walikuwa wawili, wa kike na wa kiume. Huyu wa kiume alizaliwa kwa taabu, na mama yake alipopata nafuu waliketi wawili wakakubaliana kwamba basi, hao wanatosha. Mwaka ule wa kwanza Mwalimu alikwenda kliniki mwenyewe. Muuguzi alimpima uzito, akampima presha, akamuuliza hili na lile, ndipo akampa vidonge. Lakini kliniki ile foleni yake ilikuwa ya kuanza alfajiri, na shule ya udereva haikupenda ruhusa za kila mara. Baridi alipomwona anarudi amechoka na somo la asubuhi limempita, alimwambia, "Kwa nini uteseke? Vidonge ni vilevile. Nitakuwa nakununulia mimi." Wakati ule Mwalimu alikuwa kijana, na sigara alikuwa bado hajaanza. Yule mtoto wa taabu sasa alikuwa darasa la tano, na mkono wa Baridi haukuwahi kukosa mwezi.

Mwaka ule Mwalimu alipotimiza miaka arobaini na moja, dalili zilianza kuja mojamoja, kila moja na udhuru wake. Kichwa kilimuuma, wakasema ni jua na kelele za honi. Alichoka mapema, wakasema ni kazi. Walikaa ghorofa ya pili, na akipanda ngazi alikuwa anasimama katikati, anafungua mkoba, anapekuapekua.

"Unatafuta nini?" Baridi akamuuliza siku moja. "Funguo ninazo mimi."

"Basi natafuta pumzi," akasema, na wote wawili wakacheka, wakamalizia ngazi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Asubuhi Baridi alikwenda kwenye bucha moja ambako friji kubwa la nyama lilikuwa halishiki baridi. Mwalimu naye alikuwa na somo na mzee mmoja mstaafu wa posta, aliyeamua kujifunza kuendesha gari uzeeni na ambaye kwa jinsi alivyounguza klachi watu walikuwa wamempa jina la Babu Klachi. Yaliyotokea ndani ya gari Baridi aliyapata baadaye kwa mzee huyo, naye aliyasimulia kila mara kwa maneno yaleyale, kama mtu anayetoa ushahidi.

Walikuwa wanafanya mazoezi ya kurudi nyuma kwenye uwanja wa soko lisilotumika. Mwalimu akanyamaza. Mzee alidhani amekosea, akasubiri kukosolewa, kimya. Alipogeuka alimkuta ameshika taya, jasho linamtiririka shingoni na dirisha limefunguliwa lote.

"Mwalimu, jino?"

"Sijui, babu. Jino, mgongo, sijui. Nimekazwa hapa." Akaonyesha katikati ya kifua, kisha mkono wa kushoto. "Hebu toa gari. Nipeleke zahanati."

"Mimi?"

"Tuko wangapi humu ndani?"

Basi Babu Klachi akatoa gari. Tangu aanze masomo hakuwahi kuvuka njia panda bila gari kumzimikia, na siku hiyo alivuka zote. Anasema hakuona barabara, aliona mguu wa Mwalimu tu, umelala kando ya ile breki ya pili, haukanyagi.

Baridi alipigiwa simu akiwa ameinamia kompresa, mota ya friji lile. Alimwomba mwenye bucha radhi, akaliacha friji limefumuliwa na nyama imerundikwa kwenye mabeseni, akakimbia. Alipofika zahanati alimkuta mkewe amekaa kitako kwenye kitanda cha kupimia, rangi imempotea kidogo lakini anaongea. Tabibu alikuwa kijana mpole, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vya kutosha. Nje kulikuwa na kina mama na watoto wao wenye homa hadi mlangoni.

"Ni gesi, baba," tabibu akamwambia Baridi. "Amekula nini leo?"

"Chai tu," Mwalimu akajibu mwenyewe.

"Mnaona? Tumbo tupu, chai, na kazi ya presha za watu. Wanawake wa umri huu vidonda vya tumbo vinawasumbua sana."

"Na mkono je?" Mwalimu akauliza. "Mkono nao una vidonda vya tumbo?"

"Kushika usukani kutwa, mama, lazima mkono uume."

"Mimi sishiki usukani. Nakaa kiti cha abiria."

Tabibu akacheka, akasema basi huenda aliulalia vibaya. Akaandika dawa ya maji ya kutuliza tumbo na vidonge vya maumivu. Baridi alimuuliza kama asingempima presha. Akasema kipimo kimepelekwa kutengenezwa, waje keshokutwa. Hakuuliza kuhusu sigara. Hakuuliza anatumia dawa gani nyumbani. Na Baridi, kusema kweli, aliposikia neno gesi alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Alimshukuru tabibu kwa mikono miwili. Babu Klachi alikuwa nje, amesimama kando ya gari hajui aliegeshe wapi.

Nyumbani Mwalimu alisimama kwenye ngazi mara nyingi, safari hii bila kusingizia mkoba. Alikunywa ile dawa, akatapika, akanywa tena. Akasema anaona nafuu. Baridi alitaka kumwamini, na mtu anayetaka kuamini hahitaji ushahidi mwingi. Alirudi bucha kumalizia friji kwa sababu nyama ingeharibika.

Kesho yake asubuhi alikuwa jikoni anachemsha maji wakati binti yao, aliyekuwa kidato cha tatu, alipokuja akasimama mlangoni na begi la shule mgongoni.

"Baba, mama kavaa kiatu kimoja."

"Kimoja vipi?"

"Kavaa kimoja. Cha pili kakishika tu. Nimemsemesha, ananiangalia."

Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda hivyohivyo, nguo za kazi mwilini, kiatu mapajani. Midomo ilikuwa ya kijivu. Alikuwa anavuta pumzi fupifupi, kama anayenusa kitu. "Nimeshindwa kuinama," akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa. Walimteremsha ngazi wakiwa watatu, Baridi, binti, na jirani wa chini ambaye alikuwa na gari. Yule mdogo alifuata nyuma na kile kiatu.

Hospitali kubwa walimpokea mbio. Wakamlaza, wakamwekea hewa ya oksijeni puani, wakambandika waya kifuani na kumfanyia kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ikatoka kwenye mashine na mistari yake ya milima na mabonde. Muuguzi aliitazama, akatoka kwa haraka. Hapo ndipo Baridi alipojua kwamba si gesi.

Daktari wa moyo alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alishughulika na mgonjwa kwanza, kwa muda mrefu, pazia limevutwa. Kisha akamwita Baridi katika chumba kidogo chenye meza na sinki, akamwambia akae.

"Mkeo amepata shambulio la moyo," akasema. "Mshipa mmoja unaoulisha moyo wenyewe umezibwa na donge la damu. Lilianza lini?"

"Jana asubuhi. Tulikwenda zahanati, wakasema gesi."

Daktari alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Anavuta sigara?"

"Anavuta."

"Sana?"

"Inategemea na wanafunzi." Alipoona daktari hajaelewa akasema, "Ndiyo. Sana kidogo."

"Presha yake iko juu. Alikuwa anajua?"

"Zamani alikuwa anapimwa. Kliniki."

"Kuna dawa yoyote anayotumia kila siku?"

"Hapana," akasema Baridi bila kufikiri.

"Vidonge vya kupanga uzazi?"

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye sinki.

"Hivyo ni dawa?" akauliza.

"Ni dawa."

"Basi anatumia. Miaka mingi sasa."

"Anavipata wapi?"

"Namnunulia mimi."

Daktari aliinua uso, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Hakuonekana kukasirika, na Baridi aliona hasira ingekuwa nyepesi kuliko vile alivyomtazama.

"Sikiliza nikueleze, usije ukaondoka na nusu ya maneno. Vile vidonge si sumu. Wanawake wengi mno wanavitumia na hawapati lolote. Ila vile vya aina anayotumia vinafanya damu igande kwa urahisi, na kwa wengine vinapandisha presha. Mwanamke kijana, mzima, asiyevuta sigara, hatari yake ni ndogo sana. Mwanamke aliyepita miaka thelathini na mitano, anavuta sigara, na presha iko juu, huyo hapaswi kupewa aina hiyo kabisa. Kitu kimojakimoja mwili unaweza kukivumilia. Vikikutana vinashikana mikono."

"Kwa hiyo ni vidonge."

"Siwezi kukwambia ni kipi. Huenda sigara peke yake ingetosha. Huenda presha peke yake. Hakuna kipimo cha kunionyesha. Ninachoweza kusema ni kwamba zipo njia nyingine ambazo zingemfaa, tena za kila namna. Ilitakiwa mtu amuulize tu maswali mawili matatu, halafu ambadilishie."

"Mtu gani?"

"Yeyote aliyekuwa anampa," daktari akasema. Kisha akaona neno lake lilikoangukia, akaongeza, "Namaanisha dukani. Kliniki. Sisi."

Lakini neno likishatoka halirudi kinywani. Baridi akauliza la mwisho, kama kuna kitu cha kubadilisha, kwa maana katika kazi yake kompresa ikifa unaitoa unaweka nyingine. Daktari akamwambia kwamba jana, saa zile za mwanzo, wangempa dawa ya kuyeyusha donge na pengine moyo ungesalimika. Leo sehemu ya msuli imeshakufa. Watautunza uliobaki. Ule uliokufa haufufuki.

Mama mkwe wake alifika jioni ya siku ya pili, na kanga mbili begani na hasira yake. Alikuwa ameshaambiwa na mtu habari ya vidonge. Aliingia wodini, akamshika mwanawe paji la uso, akalia kidogo, kisha akamgeukia Baridi palepale mbele ya wagonjwa wengine.

"Nilisema. Tangu mwanzo nilisema hivyo vidonge mtamuua mwanangu. Mwili wa mwanamke si friji, baba, ukaufungua na kuufunga unavyotaka."

Baridi alitaka kusema maneno ya daktari, kwamba si sumu, kwamba vilikutana na vingine, lakini kila alipoyapanga kinywani yalisikika kama ya mtu anayejitetea. Binti yake alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, anasikiliza kila kitu. Bibi akamnyooshea kidole. "Na wewe usije ukavigusa maishani mwako, umenisikia?"

Sauti ilitoka kitandani, dhaifu. "Mama."

"Nyamaza, mwanangu, pumzika."

"Mama, wewe ulizaa tisa, ukazika watatu, na huyo wa mwisho nusura akuzike wewe. Usimtishe mtoto." Akatulia, akavuta pumzi. "Sikutakiwa kukatazwa. Nilitakiwa kuulizwa. Na mimi nilitakiwa kuuliza. Sigara sikuvutishwa na vidonge."

Mama mkwe akakaa kwenye kiti cha plastiki, akajifunika uso kwa kanga. Baridi alitoka nje ya wodi. Alisimama kwenye ukumbi ule mrefu ambako watu wenye vikapu walikuwa wanapishana naye wakimwambia "samahani," na alikuwa hajui asimame upande gani ili asiwe njiani mwao. Ukimpa kitu kilichoharibika alikuwa anajua pa kuanzia. Ungemkuta amekaa chini, kifuniko kando, anasikiliza. Hapa hapakuwa na cha kufungua. Kila aliyepita na kitu mkononi, hata mfagizi na ndoo yake, alionekana ana kazi ya kufanya kwa mke wake kuliko yeye.

Siku alipopita tena duka la dawa, alikuwa amekusudia kugombana. Njiani alikuwa ameyapanga maneno, makali. Alipotokea mlangoni tu, muuza dawa aligeuka, mkono ukaenda kwenye rafu ileile.

"Vya Mwalimu," akasema mwenyewe.

"Havihitajiki tena."

Muuza dawa akatabasamu. "Mnaongeza wa tatu?"

"Amepata ugonjwa wa moyo."

"Masikini. Pole sana, fundi." Alikuwa amehuzunika kweli, ilionekana. "Mwambie apunguze chumvi."

"Uliwahi kumuuliza mtu yeyote," Baridi akasema polepole, "anayechukua hivi vidonge, kama anavuta sigara? Kama ana presha?"

Mwenzake alifikiri kwa uaminifu. "Zamani nilikuwa nauliza. Watu hawapendi, fundi. Ukiwauliza mambo yao wanaona unawachunguza, kesho wanakwenda duka la pili."

Maneno yote makali yakamwishia Baridi, kwa sababu alikuwa anamjua mtu wa namna hiyo. Yeye mwenyewe, siku ile alipokuwa anawachekesha watu na habari za kuwepo watoto walipotungwa, angeulizwa mke wako anavuta sigara ngapi, angechukua mkoba wake akaenda duka la pili. Alimuaga, akatoka.

Mwalimu aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mfuko wa dawa, na makatazo ya kutosha kujaza mfuko wa pili. Ngazi zilikuwa haziwezekani, ikabidi wahame, wakapata vyumba viwili vya chini nyuma ya karakana ya mbao, ambako msumeno ulilia kutwa. Alilala ameegemea mito, maana akilala chali alisema ni kama mtu amemkalia. Jioni miguu ilivimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Sigara aliacha siku ileile aliyoingia hospitali na hakuitaja tena. "Raha ya kuacha," alimwambia Baridi, "ni kwamba nimeacha bila taabu. Ubaya wake ni kwamba hakuna aliyebaki wa kunipa zawadi. Msuli uliotakiwa kufurahi umekufa." Baridi hakujua acheke au alie. Alikwenda kumletea maji.

Babu Klachi alipata leseni. Alikuja kuionyesha, amevaa shati la kola, leseni ameishika kwa vidole viwili kama picha ambayo haijakauka. Mwalimu alifurahi mno, akamtaka aeleze mtihani wote, kona kwa kona, alirudi vipi nyuma, alisimama vipi mlimani. Mzee akaomba amtembeze kidogo, gari la mwanawe liko nje. Walimkalisha mbele. Walizunguka mtaa mara moja tu, taratibu, na Baridi aliyekuwa kiti cha nyuma aliona mguu wa mkewe kila penye kona unakandamiza sakafu tupu. Waliporudi alisema asante, akaingia ndani, akaugeukia ukuta, akakaa hivyo mpaka chakula kikapoa.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo daktari alikuwa amelisema waziwazi mbele yao wote wawili, kwamba moyo ule hauwezi kubeba mimba. Ikiingia, atakufa mama au wote wawili. Aliwatajia njia zilizobaki na faida ya kila moja. Moja ilikuwa ya mwanamume kufungwa mirija, operesheni ndogo, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Baridi hakumwambia mtu. Alikwenda peke yake asubuhi, akarudi anatembea miguu imeachana kama mtu aliyeshuka kwenye punda. Mwalimu alimtazama anavyojishusha kwenye kiti.

"Umefanya nini?"

Akamwambia. Mwalimu alicheka, kicheko kile chake kikavu cha zamani, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na binti akaja mbio na mito. Alipotulia alikuwa na machozi machoni.

"Miaka yote hiyo ilikuwa inawezekana," akasema. "Nusu siku."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hata mimi sikukuuliza." Akauweka mkono wake juu ya goti la mumewe. "Inauma?"

"Kidogo."

"Afadhali," akasema, na Baridi hakujua maana ya afadhali hiyo, wala hakuuliza. Alikuwa ametumaini kwamba akilifanya jambo lile atapata wepesi fulani. Alipata kutoogopa mimba, basi. Mengine yote yalibaki pale yalipokuwa.

Ilipofika zamu ya kupimwa tena walikwenda wawili. Daktari alimpaka mafuta kifuani, akapitisha chombo cha kupiga picha ya moyo, na moyo ukaonekana kwenye kioo cha mashine, mweusi na wa kijivu, upande mmoja unacheza na upande mwingine umetulia tu unavutwa na mwenzake. Baridi aliutazama sana. Daktari akafuta mafuta, akawaambia hali ni ileile. Haijazidi kuharibika, haijapona. Dawa ni zilezile, ile ya kukojoza ataiongeza nusu. Mwalimu akauliza kama anaweza kurudi kazini, hata kufundisha nadharia ubaoni, amekaa. Daktari akasema tutazame miezi ijayo, na wote watatu wakaitikia kwa kichwa.

Kutoka hospitali hadi kituo cha magari si mbali. Mtu mwenye afya hahisi hata kwamba ametembea. Walikuwa hawajafika nusu Mwalimu aliposimama mbele ya duka la rangi, akaegemea ukuta kwa mkono mmoja, akainamisha kichwa. Baridi alisimama kando yake, mfuko wa dawa mkononi. Alimkinga jua kwa mwili wake, halafu akaona anamzibia upepo, akasogea. Akamshika kiwiko. Mwalimu akatikisa kichwa taratibu kwamba asimshike, hewa haitoshi. Akamwachia. Mabega ya mkewe yalikuwa yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, na yeye akajikuta anavuta pumzi ndefu, moja baada ya nyingine, kana kwamba angeweza kumkopesha.

Mwenye duka la rangi alichungulia, akawauliza kama wanatafuta kitu.

"Tunapumzika tu," Baridi akasema.

Mwenye duka akawaletea kigoda. Mwalimu akakaa, magari yakipita, na Baridi akabaki amesimama kando yake, wakisubiri aweze kuinuka.